Dereva amekataa kubeba skipu yangu: ni kitu gani hasa kisichoruhusiwa kuwekwa humo?

#1 Mhamiaji_Mkongwe
Habari za jioni wanajukwaa. Ninaishi nje kidogo ya Birmingham, katika nyumba ya miaka ya 1960 tuliyoinunua mwaka jana, na wiki mbili zilizopita nilikodi skipu ya yadi nane ili kuondoa mabaki ya ukarabati. Kwa walio nyumbani, skipu ni lile kontena la chuma lililo wazi juu ambalo lori hulishusha mbele ya nyumba yako, unalijaza kwa siku kadhaa, kisha lori hurudi kulinyanyua kwa minyororo na kwenda nalo.

Leo asubuhi dereva amefika, amepanda, amechungulia, ametikisa kichwa na kusema habebi. Ametaja vitu vinne: sofa ya watu watatu, bodi za jipsamu za dari ya zamani, ndoo mbili za rangi zilizobaki nusu, na tairi moja la gari. Sofa, bodi na rangi niliweka mimi mwenyewe, kwa sababu mwaka 2021 tulipohama nyumba ya kupanga tuliweka sofa ndani ya skipu na hakuna aliyeuliza. Tairi silijui kabisa. Kampuni inasema nivitoe vyote, au nilipe nyongeza kwa kila kimoja. Je, makatazo haya ni sheria ya nchi, au ni njia ya kuwakamua wateja? Na kama ni sheria, inakuwaje kitu kile kile kiruhusiwe ukiongeza fedha?

#2 MamaWawili
Pole ndugu. Mimi naona ni biashara tu. Mwaka jana nilitozwa nyongeza kwa ajili ya godoro, ilhali jirani yangu wa mkono wa kushoto, aliyekodi kwa kampuni nyingine, aliweka magodoro mawili na hakulipa hata senti. Kama ingekuwa sheria, ingetubana sote wawili.

#3 Usukani_Tani18
Nimeendesha lori la skipu kwa miaka sita, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu. Dereva hajui sheria zote wala hatarajiwi kuzijua. Anachokijua ni uwanja atakaoupeleka mzigo. Skipu haiendi moja kwa moja dampo. Inamwagwa sakafuni kwenye kituo cha kuchambulia taka, na pale kuna mtu anayetazama kila kinachodondoka. Akiona friji, tairi au bodi za jipsamu zilizochanganyika na taka nyingine, anaandika, na kampuni yetu inatozwa. Ndiyo maana tunachungulia kabla ya kufunga minyororo, kwa kuwa ukishanyanyua skipu mzigo umekuwa wako.

Sababu ya pili ni uzito na kimo. Skipu hujazwa hadi usawa wa kingo zake na si zaidi. Wateja wengi husimamisha milango ya zamani kuzunguka kingo ili waongeze kimo, wakidhani wametuzidi ujanja, kisha wanashangaa tunapoiacha palepale. Kitu kikidondoka barabarani, anayeshtakiwa ni mimi niliye nyuma ya usukani.

Hili la uzito watu hulisahau zaidi. Yadi moja ya ujazo ni mita za ujazo 0.76 hivi, na mita moja ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu kwa makadirio. Kwa hiyo yadi nane za udongo zinakaribia tani tisa, na yadi kumi na mbili zinakaribia tani kumi na nne. Lori la ekseli mbili haliruhusiwi kuzidi tani 18 pamoja na mzigo wake, na lenyewe tupu limeshakula karibu nusu ya hizo. Ndiyo maana ukikodi skipu ya yadi kumi na mbili utaambiwa usiweke udongo wala kifusi, ingawa udongo na kifusi vinaruhusiwa kabisa kwenye ya yadi nane. Hapo kinachokatazwa ni wingi wa kitu, si kitu chenyewe.

#4 Karani_wa_Kanuni
Mwenye uzi, kuhusu sofa hujaonewa. Mwaka 2023 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kukataza makochi yote kufukiwa dampo, kwa sababu sponji na vitambaa vyake vilitiwa kemikali za kuzuia moto ambazo hazioi na hujikusanya katika miili ya viumbe. Tangu wakati huo viti vyote vya nyumbani vyenye sponji hutengwa na kuteketezwa kwenye tanuru. Wewe unakumbuka 2021, na 2021 imeshapita.

#5 KifusiDar
Naomba nicheke kidogo kabla sijachangia. Yaani mtu analipa pauni ili kifusi chake kichukuliwe? Huku Dar es Salaam, mwenye kiwanja bondeni huandika kwa mkono kwenye kibao, "Kifusi kinahitajika hapa," na malori yanampelekea, tena analipa kwa tripu. Nilipobomoa ukuta wangu, matofali mazima yalikwenda kwa jirani, nondo zilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu wenye mikokoteni kabla jua halijazama, na vipande vilivyobaki vilijazia shimo la barabara ya mtaa wetu. Ningeitisha kontena, ningeweka nini ndani?

#6 Mkemia_Mstaafu
#4, umelipata wazo ila umekosea chanzo. Hapakuwa na sheria mpya ya Bunge mwaka 2023. Kilichotokea ni kwamba Wakala wa Mazingira wa England ulianza kusimamia kwa ukali, tangu tarehe 1 Januari 2023, kanuni zilizokuwapo tayari kuhusu vichafuzi sugu vya kikaboni, yaani kemikali za aina hiyo uliyoitaja, zisizooza. Msingi wake ni Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania na Kenya nazo ni wanachama, na kemikali inayosumbua zaidi kwenye makochi, dekaBDE, iliongezwa kwenye orodha ya mkataba huo mwaka 2017. Tena Waingereza ndio waliojitakia tatizo hili, kwa maana kanuni zao za moto za samani za mwaka 1988 zilikuwa kali kiasi kwamba watengenezaji waliona njia rahisi ni kumwaga kemikali nyingi kwenye kitambaa.

Godoro la MamaWawili ni habari nyingine. Agizo lile linahusu viti vya kukalia: sofa, viti vya mkono, viti vya ofisini vya nyumbani, mito ya sofa. Nyongeza ya godoro hutokana na springi, ambazo hujisokota kwenye mashine za kuchambulia, na pia kwa sababu godoro hula nafasi kubwa na halina uzito.

#7 MamaWawili
#6 ahsante, lakini jirani yangu bado hakulipa.

#8 Usukani_Tani18
Labda kampuni ya jirani ilikuwa na bei kubwa zaidi tangu mwanzo, nyongeza ikiwa imeshafichwa humo. Au dereva alikuwa anawahi chakula cha mchana. Yote nimewahi kuyaona.

#9 Hesabu_za_Mtaa
Mimi nadhani mnazunguka jibu lenyewe, ambalo ni kodi. Uingereza ilianzisha kodi ya kufukia taka mwaka 1996 kwa pauni 7 kwa tani, na sasa imefika kama pauni 100. Kila tani inayokwenda dampo ina gharama hiyo juu ya gharama ya dampo lenyewe, na kampuni zinachagua taka zinazoweza kuuzwa au kuchakatwa: vyuma, mbao, matofali. Kisichouzika hukatazwa au huongezewa bei, halafu kinapewa jina la sheria ili mteja asibishane.

#10 Karani_wa_Kanuni
Nakubali nimesahihishwa na #6. Nami nimsahihishe #9: katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa pauni 126.15 kwa tani, huku udongo safi, mawe na vifusi vya zege vikiwa pauni 4.05 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya wakupe bei nafuu zaidi kwa skipu ya kifusi kitupu, na ndiyo inayomfanya msimamizi wa uwanja akasirike ukitupia mfuko mmoja wa taka za jikoni juu ya kifusi hicho. Hata hivyo kodi haielezi tairi. Matairi mazima yalipigwa marufuku kufukiwa mwaka 2003 na yaliyokatwakatwa mwaka 2006, ulipe kodi usilipe.

#11 Mjenzi_Nairobi
Kwa nini matairi, lakini? Huku kwetu viatu vya akala vimetoka humo, na vitanda vya maua vya shule nzima vimezungushiwa matairi.

#12 Mkemia_Mstaafu
Tairi zima lina utupu ndani, hushika hewa na gesi, na polepole hupanda juu ya dampo hata likifukiwa chini kabisa, likipasua tabaka la udongo lililofunika. Wengine husema sababu kubwa ni moto, kwani rundo la matairi likiwaka huweza kuwaka kwa wiki nyingi. Nimesikia wahandisi wakibishana juu ya ipi ilitangulia.

Jipsamu nayo ina kisa chake. Wengi hudhani hukatazwa kwa sababu ya vumbi, na sivyo. Jipsamu ni salfeti ya kalsiamu. Ikichanganywa na taka zinazooza mahali pasipo na hewa, bakteria huigeuza salfeti hiyo kuwa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ikizidi huua. Kwa hiyo tangu Aprili 2009, England na Wales haziruhusu jipsamu kufukiwa pamoja na taka zinazooza. Ukiitenga kwenye mifuko yake, ikiwa kavu, inasagwa na kurudi kiwandani kuwa bodi mpya. Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, ndugu mwenye uzi: kitu kile kile kinaruhusiwa ukiongeza fedha kwa sababu fedha hiyo inanunua safari tofauti. Ni sawa na friji. Mwanzoni mwa 2002 friji kuukuu zilirundikana nchi nzima hapa kama milima, kwa kuwa kanuni za Ulaya zilidai gesi iliyomo ndani ya povu la kuta zake itolewe kwanza, na mitambo ya kufanya kazi hiyo haikuwapo.

#13 Mhamiaji_Mkongwe
Nawashukuru sana. Nimeanza kulainika kuhusu sofa na jipsamu. Ila rangi je? Na ni nani aliyeniletea tairi?

#14 FundiRangi_Leicester
Rangi yenyewe si tatizo. Tatizo ni umajimaji wake. Hakuna dampo linalopokea taka za majimaji, na ndoo ikipasuka ndani ya skipu rangi huchuruzika barabarani njia nzima. Fungua vifuniko, changanya rangi ya maji na mchanga au maranda ya mbao mpaka igande kama uji wa jana, acha siku mbili tatu. Ndoo yenye rangi kavu kabisa kampuni nyingi huikubali, ila waulize kwanza. Rangi ya mafuta, tineri na vanishi usizifanyie hivyo. Hizo ni taka hatarishi hata zikibaki vijiko viwili, nawe piga simu halmashauri uulize kituo kinachozipokea.

#15 Bibi_Bustani
Kuhusu tairi, mwanangu, skipu iliyo wazi usiku ni jalala la mtaa. Mwaka juzi niliikodi kwa ajili ya majani na mizizi, nikaamka nikakuta televisheni ya kizamani, kiti cha gari cha mtoto na mtungi wa gesi. Mtungi ule ulinitoa jasho, maana hakuna anayethubutu kuugusa. Hata ukionekana mtupu hubaki na gesi kidogo, na mashine ikiukandamiza hulipuka. Mwishowe niligundua kwamba mitungi mingi hubaki mali ya kampuni iliyoijaza, nao wakaja wakauchukua bure. Tangu siku hiyo kila jioni nafunika turubai na kufunga kamba.

#16 Mjenzi_Nairobi
Bibi, huenda jirani naye alidhani umemwekea zawadi.

#17 Karani_wa_Kanuni
Kisheria aliyekodi ndiye anayeulizwa, kwa hiyo jirani anafurahi. Niongeze jambo moja ambalo watu wetu huumia nalo. Ukikasirika na kampuni ukamwita kijana mwenye vani aliyejitangaza mtandaoni kwamba anabeba kila kitu kwa bei ya kutupa, hakikisha ana leseni ya kubeba taka. Orodha ya wenye leseni iko wazi na kuitazama ni bure. Mwenye nyumba ana wajibu huo wa kuhakikisha. Taka zikikutwa kichochoroni na bahasha yenye anwani yako ndani yake, unaweza kutozwa faini ya papo hapo ya hadi pauni 400.

#18 Hesabu_za_Mtaa
Leo ni zamu yangu: ilipandishwa hadi pauni 600 mwaka 2023.

#19 Karani_wa_Kanuni
Nimekubali kipigo.

#20 Msafirishaji_Mombasa
Naona kila mtu anatafuta namna ya kutupa. Sofa hiyo na friji za watu si mngeziweka kwenye kontena la meli, zije huku? Watu wanauliza kila siku.

#21 Mkemia_Mstaafu
Vitu vinavyofanya kazi, sawa, ukiwa na ushahidi kwamba vimepimwa. Friji mbovu kisheria ni taka, na kuisafirisha kwa jina la msaada ni kosa. Pia sidhani ni uungwana kumtumia shangazi kochi ambalo Waingereza wenyewe wanaona halifai hata kufukiwa.

#22 FundiRangi_Leicester
Mwenye uzi, nimerudi kusoma mchango wako wa kwanza na kuna neno limenikwama. Umesema bodi ni za dari ya zamani, na nyumba ni ya miaka ya 1960. Dari hiyo ilikuwa laini, au ilikuwa na ile plasta ya mapambo yenye mawimbi na vinundu?

#23 Mhamiaji_Mkongwe
Ilikuwa na mawimbi, sebuleni na kwenye korido. Mke wangu hakuipenda, ndiyo maana tukaibomoa. Kwa nini unauliza?

#24 FundiRangi_Leicester
Usiguse tena skipu hiyo. Plasta nyingi za mapambo za enzi hizo zilitiwa asbestosi, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, ili zisipasuke. Si zote, na huwezi kujua kwa macho. Lazima kipande kidogo kipelekwe maabara. Kama ipo, basi mzigo wote uliochanganyika nayo unaweza kuhesabiwa kuwa taka hatarishi, na hakuna nyongeza ya kawaida itakayokuokoa. Lowesha juu kwa maji kidogo ili vumbi lisipeperuke, funika kwa turubai zito, watoto wasisogee.

#25 MamaWawili
Msimtishe mtu. Nyumba yetu ni ya 1987, nayo ina dari za namna hiyo, na tuliambiwa asbestosi iliisha miaka ya themanini.

#26 Mkemia_Mstaafu
Kwenye plasta za mapambo ilipungua sana kufikia katikati ya miaka ya themanini, hilo ni kweli, lakini marufuku kamili ya asbestosi hapa Uingereza ni ya mwaka 1999. Ndiyo maana nyumba yoyote iliyojengwa au kukarabatiwa kabla ya 2000 hutazamwa kwa mashaka. Mpaka wa kuita taka hatarishi ni asilimia 0.1 kwa uzito, nao ni mdogo sana. Nisingependa kumtisha mtu pia; nyuzi kwenye plasta zimeshikwa imara kuliko zile za kuhami mabomba, na hatari ya siku moja ya kubomoa si sawa na ya mfanyakazi wa miaka thelathini. Hata hivyo, iliyobomolewa kwa nyundo bila kuloweshwa si jambo la kupuuza.

#27 KifusiDar
Nilikuwa nacheka, sasa nimenyamaza. Shule yangu ya msingi yote ilikuwa chini ya mapaa ya asbestosi, na tulipokuwa na njaa ya kucheza tulivunja vipande vyake tukavitumia kuandikia sakafuni kama chaki.

#28 Msomaji_Kimya
Nimefuatilia tangu mwanzo, na swali langu ni dogo. Je, haiwezekani kwamba dereva aliiona dari hiyo na ndiyo sababu halisi ya kukataa, ila akataja sofa na tairi kwa kuwa ndivyo anavyoruhusiwa kuvitaja?

#29 Usukani_Tani18
Inawezekana. Tulifundishwa kutotamka neno asbestosi mbele ya mteja kabla ya majibu ya maabara, kwa sababu mteja akilisikia huanza kuitoa mwenyewe usiku na kuificha kwenye mapipa ya kawaida. Lakini pia dereva akiona sofa na jipsamu pamoja anakuwa ameshapata sababu ya kutosha, na hana haja ya kutazama chini zaidi. Kama angeshuku asbestosi kweli, angetakiwa kupiga simu ofisini palepale. Je, alipiga simu?

#30 Mhamiaji_Mkongwe
Alipiga, lakini alikuwa ameingia ndani ya lori na vioo vimepandishwa.

#31 Hesabu_za_Mtaa
Au alikuwa anauliza bei ya nyongeza ya sofa. Msimpe udaktari bure.

#32 Bibi_Bustani
Skipu iko uani kwako au barabarani? Kama iko barabarani kibali cha halmashauri kina tarehe ya mwisho, na taa za usiku ni lazima ziwake. Ukisubiri maabara wiki nzima kibali kitakwisha.

#33 Mhamiaji_Mkongwe
Iko uani, Bibi, juu ya mabanzi ya mbao, kwa hiyo kibali hakihitajiki. Nimefunika turubai mbili na kufunga kamba kama ulivyoelekeza. Maabara niliyoipata mtandaoni inataka vipande viwili, kimoja cha sebule na kimoja cha korido, kila kimoja ndani ya mifuko miwili iliyofungwa, na majibu yao huchukua siku mbili baada ya kupokea. Kampuni nimeiambia ukweli. Wamekubali kusubiri ila siku za ziada za kukaa na skipu nitazilipia. Majibu yakitoka nitayaweka hapa.

#34 Mhamiaji_Mkongwe
Nimesahau kusema. Wakati nafunga kamba, jirani wa ng'ambo amepita na mbwa wake, akatazama turubai kwa huzuni, akaniuliza kama skipu imeshajaa.

#35 MamaWawili
Tazama magurudumu ya gari lake.